Ngoma ya Besi ya Inchi 18 Iliyolazimishwa Kuwa ya Inchi 22: Kisa Kimoja cha Mjini Moshi

Mwalimu wa kwaya alinipigia simu Jumanne jioni, mwishoni mwa Juni, majira ambayo Moshi hujifunika wingu na watu hawavui masweta mpaka saa tano asubuhi. Salamu zilikuwa fupi. Akasogeza simu karibu na ngoma, akamwambia kijana apige. Nikasikia "pu". Akapiga tena: "pu, pu". Kama gunia la pumba linaloangushwa kwenye sakafu ya saruji.

"Umesikia, kaka?"

"Nimesikia, Mwalimu, lakini simu haibebi besi. Siwezi kukupa jibu kwa hili. Nije kesho?"

"Njoo hata usiku huu. Tunarekodi baada ya wiki tatu."

Nimeamua kukiandika kisa hiki kwa urefu, pamoja na pale nilipokosea mimi mwenyewe, kwa sababu karibu kila besi ndogo ninayoletewa imefanyiwa jambo lile lile: imelegezwa, ikashindiliwa nguo mpaka ikawa bubu, kisha ikalaumiwa kwamba haina sauti.

Seti ya dramu ya kwaya hiyo ilinunuliwa mtumba Dar es Salaam, ikapanda Moshi kwenye buti la basi. Ngoma yake ya besi ina kipenyo cha inchi 18 na kina cha inchi 14, skrubu nane za kukazia kila upande, ringi za mbao zinazobana ngozi, na mzinga wa mbao za tabaka. Mzinga ndilo jina ninalolitumia kwa lile duara la mbao lenyewe, bila ngozi. Aliyeichagua hakukosea. Kwaya hii husafiri, leo Marangu, Jumapili ijayo Mwika, mara Arusha, na ngoma ya ukubwa huo huingia nyuma ya Noah na waimbaji wakabaki na viti vyao. Shida ni kwamba waumini walikuwa wamezoea kuona ya inchi 22. Walipoiona hii wakasema ni ya watoto wa shule ya Jumapili. Neno hilo lilimwingia kijana anayeipiga, na tangu siku hiyo kazi yake ikawa kuifanya ilie kama kubwa.

Nilichokikuta ndani

Jumatano nilifungua ngozi ya mbele. Ndani mlikuwa na blanketi zima la kijivu, mto wa kulalia, na kipande cha godoro la sponji kilichobanwa katikati kikigusa ngozi zote mbili. Ngozi ya mbele ilikuwa na tundu katikati lenye upana wa inchi tisa hivi, limezungushiwa selotepu. Ngozi ya nyuma, ile inayopigwa, ilikuwa imelegea hadi kufanya makunyanzi kwenye skrubu tatu. Skrubu mbili zilizunguka kwa vidole bila kushika kitu.

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia ngozi kwake, na hapa walivuta wanne. Kijana alilegeza akitafuta mlio mzito. Fundi mitambo akaweka mto kwa sababu ngoma ilikuwa inavuma kwenye maikrofoni. Mpiga gitaa la besi akaomba blanketi liongezwe kwa kuwa noti zake zilikuwa zinamezwa. Mwalimu ndiye aliyekata tundu, baada ya kuona picha ya ngoma yenye tundu. Kila mmoja alikuwa amesikia tatizo la kweli. Ila kila dawa iliua kiungo ambacho dawa iliyofuata ingekihitaji, na mwishowe hapakuwa na ngoma tena, palikuwa na kifaa cha kutunzia matandiko.

Mwalimu alikuwa na maelezo yake: baridi. "Si unajua ngoma, kaka, zikipata unyevu zinalala." Hilo ni kweli kabisa kwa ngoma za ngozi ya ng'ombe au mbuzi. Ngozi ya mnyama hunywa unyevu wa hewa na kulegea, ndiyo maana wapigaji wetu huziota motoni au kuzianika juani kabla ya kucheza. Lakini ngozi hizi si za mnyama, ni plastiki ya poliesta, ambayo ilianza kutumika kwenye ngoma za kizungu katika miaka ya 1950. Kampuni ya Remo, ambayo jina lake liko kwenye ngozi nyingi tunazonunua mpaka leo, ilianzishwa na Remo Belli nchini Marekani mwaka 1957. Wapigaji wa kule waliipenda kwa sababu hiyo hasa: mvua inyeshe isinyeshe, mkazo wake haubadiliki sana. Kwa hiyo wingu la Juni tuliliondolea lawama mapema.

Tukaja kwenye kiini. Ngozi iliyowambwa hulia kwa kufuata vitu vitatu: upana, uzito na mkazo wake. Chukua ngozi mbili za aina moja, moja ya inchi 22 na nyingine ya inchi 18, zikaze kwa mkazo uleule. Ile ndogo italia juu zaidi kwa kama asilimia 22, yaani nusu toni tatu na ushee. Ukitaka ishuke mpaka ilipo kubwa kwa kulegeza tu, lazima uipunguzie mkazo ubaki theluthi mbili. Na kama hiyo kubwa nayo imelegezwa mpaka mwisho wake, kama wapigaji wengi wa injili wanavyopenda, basi theluthi mbili ya hapo ndipo makunyanzi yanapoanza. Ngozi yenye makunyanzi haina noti. Ina kishindo tu cha kinyundo, kile kichwa cha pedali kinachoigonga, na kishindo hicho kiko juu, si chini. Kijana alikuwa anaikimbiza besi, na kila alipolegeza robo mzunguko ilimkimbia zaidi.

Nilimweleza hivyo, akanisikiliza kwa adabu, lakini niliona hajaamini. Nikamtajia Tony Williams, mpiga dramu wa jazi wa Marekani, aliyejiunga na bendi ya mpiga tarumbeta Miles Davis mwaka 1963 akiwa na miaka 17, umri wake huyu kijana. Mpigaji yule alitumia besi ya inchi 18, ikiwa imekazwa juu na iko wazi, na hakuna aliyeiita ya watoto. Hapo akacheka kidogo, akaenda kuchukua ufunguo wa kukazia.

Ijumaa: "wau-wau"

Ngozi mpya ya mbele ilitumwa kutoka Dar, ikafika Ijumaa mchana. Nilitoa kila kitu ndani, nikaiweka, nikakaza skrubu zote kwa vidole mpaka zikagusa, kisha kwa ufunguo nusu mzunguko kila moja, nikivuka kutoka skrubu moja kwenda ile inayoikabili, si kuzunguka duara. Ukizunguka duara, upande mmoja unavutwa kabla ya mwenzake na ringi inakaa upogo. Ngozi ya nyuma nayo vilevile.

Tulipata sauti, tena nyingi. Lakini ilikuwa inayumba: "buuu-wau-wau-wau", kama king'ora kinachoishiwa betri. Nilikuwa nimeshawaambia kwamba kazi itaisha siku hiyohiyo. Haikuisha. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba ngoma iliyoharibiwa kwa ufunguo itaponywa kwa ufunguo peke yake.

Mlio unaoyumba hivyo mara nyingi una maana moja: ngozi haikuvutwa sawa pande zote, hivyo inatoa mitetemo miwili inayokaribiana sana, na mitetemo hiyo inasukumana na kuachiana. Njia ya kawaida ni kugonga kwa kidole inchi mbili kutoka ukingoni mbele ya kila skrubu, huku umeweka kidole cha mkono mwingine katikati ya ngozi ili kunyamazisha mvumo, na kusawazisha mpaka sehemu zote nane zitoe noti moja. Nilifanya hivyo kwa saa nzima. Skrubu sita zilikubali. Ya tatu na ya nne upande wa nyuma zilikataa. Nikizikaza, za kando zinapanda. Nikizilegeza, panatokea kunyanzi dogo. Mtu akikaa hapo na ufunguo mpaka usiku wa manane hatapata kitu, kwa sababu tatizo haliko kwenye skrubu. Liko chini ya ngozi.

Jumamosi tulibeba mzinga mtupu mpaka kwa fundi wa madirisha ya alumini, upande wa Majengo, tukamwomba atuazime kioo kizito juu ya meza yake. Kioo ndicho kitu kilichonyooka kuliko vyote ambavyo mtu anaweza kuvipata mtaani bila kununua vifaa vya maabara. Tuliuweka mzinga umesimama juu ya kioo, tukaingiza tochi ya simu ndani, tukafunika juu kwa kanga. Ukingo ukiwa sawa, nje hapatoki mwanga. Kwenye skrubu ya tatu na ya nne palitoka mstari mwembamba wa mwanga, mrefu kama kiganja. Karatasi mbili za daftari zilipita chini yake bila kusukumwa.

Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Ukiona mwanga, umekwisha kuona ugonjwa.

Pengine mzinga uliwahi kulazwa kwenye kitu chenye ncha, au ringi ilikazwa upande mmoja kwa miaka. Alama ya kubonyea ilikuwa wazi ukipitisha ukucha. Dawa yake ni ya subira. Tuligundisha msasa mkubwa juu ya kioo kingine cha zamani, tukauweka mzinga juu yake na kuuzungusha polepole bila kuukandamiza, mizunguko kumi, kuangalia, mizunguko mitano, kuangalia. Ukikandamiza, mkono wenye nguvu zaidi utakula upande wake. Mwanga ulipokwisha, ukingo ulikuwa sawa lakini umekuwa butu, kwa kuwa msasa ulikula kile kilele ambacho ngozi hukalia. Nikakirudisha kwa msasa laini mkononi, nikifuata mteremko wa nyuzi 45 uliokuwepo upande wa ndani. Mwisho nikapaka nta ya mshumaa mweupe ukingo wote na kuufuta kwa kitambaa. Nta huifanya ngozi iteleze na kujikalia yenyewe inapovutwa, badala ya kung'ang'ania mbao.

Kazi yote ilituchukua kama saa tatu na soda nne. Fundi wa madirisha hakutaka malipo, alitaka kuisikia ngoma. Akaalikwa mazoezini.

Punje za mchele

Sasa kulikuwa na swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza tangu ngoma ilipofika Moshi: hii ngoma yenyewe inataka kulia wapi?

Tuliilaza juu ya mabenchi mawili ya kanisa yaliyoachana, ili ngozi ya chini isiguse kitu. Juu, kwenye ngozi inayopigwa, nikatawanya punje za mchele, pungufu ya kiganja. Mpiga gitaa la besi akasogeza spika yake karibu, akaanza kupiga noti moja moja kutoka juu kwenda chini, kila moja kwa sauti ileile. Kitu kinachotetemeka huitika kinapopigiwa noti yake, hata kama hakuna aliyekigusa. Kwenye noti nyingi mchele ulitulia, au ulitambaa kidogo. Halafu palifika noti moja punje zikaruka, zikacheza kama mvua ya mawe juu ya bati.

Tulianza na mkazo wa chini kabisa usio na makunyanzi, tukapanda robo mzunguko kila safari, ngozi zote mbili. Chini kabisa mchele ulijikokota, na ulijikokota kwenye noti tatu nne bila kuchagua. Ngoma haikuwa na uamuzi. Robo ya pili, afadhali. Robo ya tatu, mpiga gitaa alipofika kwenye uzi wake wa D ukiwa wazi, ambao ni kama hezi 73, yaani mitetemo 73 kwa sekunde, punje ziliruka mpaka nyingine zikaanguka sakafuni. Robo ya nne zilipungua kuruka na mlio ukaanza kuwa mkavu. Tukarudi kwenye robo ya tatu.

Nataka jambo hili lieleweke vizuri, maana ndilo lililonifanya niandike. Besi ya ngoma ile iliongezeka tulipokaza. Haikuwa noti ya chini kuliko za nyuma. Ilikuwa ni noti moja, kamili, inayosukuma hewa, na tumbo la msikilizaji likaipokea kuwa ni besi. Sikio linapima uzito wa ngoma kwa nguvu ya mtetemo wake mkuu, halipimi ushukaji wake peke yake. Ngoma ya inchi 18 iliyo kwenye hezi 70 na kitu, ikiwa hai, itasikika nzito kuliko ngoma hiyohiyo iliyolegezwa kufikia 50 ikiwa maiti.

Na malalamiko ya mpiga gitaa yakaisha papo hapo bila blanketi. Uzi wake wa chini kabisa, E, uko hezi 41 na unaofuata, A, uko 55. Ngoma ilipolegezwa ilikuwa inachezea chumba chake. Ilipopanda ikamwachia sakafu, ikakaa juu yake kidogo. Alikuwa wa kwanza kusema, "Hapo hapo, msiguse tena."

Ngozi ya mbele niliiacha robo mzunguko juu zaidi ya ile ya nyuma. Zikiwa sawa kabisa, mlio hudumu muda mrefu mno kwa muziki wa kwaya wenye maneno mengi. Ya mbele ikipanda kidogo, ngoma inasema neno lake na kufunga mdomo mapema. Wapo wanaopendelea kinyume chake. Nimejaribu zote mbili kwenye ngoma ndogo na ninasimama na hii.

Tundu la maikrofoni tulilihitaji, ila si lile la sahani. Likiwa kubwa mno, hewa iliyo kati ya ngozi mbili hutoroka na ngozi ya mbele hubaki pambo. Ngozi hizo huzungumza kwa njia ya hewa hiyo. Inchi nne zinatosha, tena pembeni, upande wa chini. Usikate kwa wembe, mpasuko utatambaa. Tulichukua kopo tupu la maziwa ya unga, tukalichoma kwenye jiko la mkaa nje ya kanisa mpaka likashika moto sawasawa, nikalishika kwa koleo na kuligusisha kwenye ngozi mara moja. Plastiki iliyeyuka kwa duara safi, ukingo ukajikunja na kuwa mgumu wenyewe. Moshi wake ni mbaya, usifanye hivyo ndani.

Kinyundo kilikuwa kinapiga pasipo pake

Nilidhani tumemaliza. Kijana akaketi, akapiga, na mlio haukuwa ule nilioupata nilipokuwa nagonga kwa ngumi katikati ya ngozi. Ulikuwa na kitu cha ziada juu yake, "toing" fulani.

Nikapaka chaki kwenye kinyundo cha pedali. Akapiga mara tatu. Alama zikatokea inchi mbili na nusu juu ya kitovu cha ngozi. Pedali nyingi zimetengenezwa kwa kuzifikiria ngoma kubwa. Kitovu cha besi ya inchi 22 kiko inchi 11 kutoka chini. Cha ngoma hii kiko inchi tisa. Kinyundo hakijui hilo, kinapiga kilipozoea.

Inchi mbili na nusu si kidogo. Ukipiga katikati, unaamsha zaidi mtetemo ambao ngozi yote hupanda na kushuka pamoja, na huo ndio unaosukuma hewa. Ukipiga pembeni unaamsha pia ule ambao nusu ya ngozi hupanda huku nusu nyingine ikishuka, kama bembea. Huo hulia juu, kama mara 1.59 ya ule mkuu, wala hauendi sambamba nao kama sauti za uzi wa gitaa zinavyoendana, na hewa inayosukumwa na nusu moja hufyonzwa na nusu nyingine. Unapata kelele ya juu bila besi. Kwenye ngoma ya inchi 22 inchi mbili na nusu ni pungufu ya robo ya njia kutoka kitovu hadi ukingo. Kwenye hii ilikuwa zaidi ya robo.

Seremala mmoja wa Pasua alitutengenezea kipande cha mninga chenye mfereji wa kushika ringi kwa juu na ulimi wa kubanwa na pedali kwa chini. Ngoma ikainuka inchi mbili, miguu ya mbele ikarefushwa kiasi hichohicho, na nusu inchi iliyobaki tukaishusha kwenye chuma cha kinyundo. "Mangi, ngoma yako sasa ina viatu virefu," seremala alimwambia kijana. "Toing" ilipotea. Ilikuwa dawa rahisi kuliko zote, na huenda ningeanza nayo kama ningetazama mguu wa mpigaji kabla ya kutazama ngozi.

Likabaki suala la masikio. Kijana alikuwa na tabia ya kujirekodi kwa simu na kujisikiliza kwa spika ya simu hiyohiyo, na huko ndiko alikokuwa anaamua kulegeza. Spika ndogo kama ile haina uwezo wa kutoa hezi 73, inatoa mgongano wa kinyundo peke yake. Nikamwambia aende benchi la tatu, nikapiga mimi. Akasimama pale akinitazama. Hakuwahi kuisikia ngoma yake kutoka wanakoketi watu. Anayeketi nyuma yake husikia zaidi mguso wa pedali.

Hata hivyo kutoka benchi la tatu mlio ulikuwa mwembamba kuliko nilivyotarajia. Hapa nilitumia hesabu ndogo. Wimbi la hezi 73 lina urefu wa kama mita 4.7. Robo yake ni mita 1.2 hivi, na ngoma ilikuwa imekaa karibu kabisa na umbali huo kutoka ukuta wa nyuma. Ukikaa hapo, wimbi linalorudi kutoka ukutani hukutana na linalotoka ngomani likiwa kinyume chake, yakapunguzana. Tukasogeza seti nzima nyuma mpaka ngoma ikabaki na sentimita 60 na mpigaji akageuka kidogo pembeni. Fundi wa madirisha, aliyekuwa ameketi kule nyuma akisubiri, akasema kwa sauti, "Eh! Imekuja."

Alikuwepo pia mzee mmoja aliyepiga besi ya matarumbeta miaka mingi, kwenye zile pikapu za harusi zinazozunguka mjini na bendi nzima imesimama nyuma. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, akaomba kuona blanketi tulilotoa. Akalikunjua, akalitazama. "Sisi hatukuwahi kuilaza besi na blanketi," alisema. "Tulitaka aliye sokoni ajue kuna harusi." Sijapata hoja bora kuliko hiyo. Moshi nzima inaijua besi iliyo wazi, inayopita barabarani kila Jumamosi. Ni ndani ya kanisa tu ndipo tulipoizoea iliyozibwa.

Blanketi hatukulitupa lote. Kwa ukumbi ule wenye kuta za saruji mlio ulikuwa bado mrefu kwa nyimbo za haraka. Nilikata utepe wa upana wa vidole vitatu, nikautandaza chini ya ngozi ya nyuma kutoka ringi hadi ringi, kando kidogo ya kitovu, nikakaza juu yake. Unagusa ngozi bila kuikaba. Hicho ndicho kitambaa pekee kilichobaki.

Siku ya kurekodi fundi wa studio alifika, akatazama ndani ya tundu, akauliza mto uko wapi. Mwalimu akamwambia asikilize kwanza. Alisikiliza, akaingiza maikrofoni nusu kwenye tundu, akaongeza ya pili mbele umbali wa mkono, akaanza kazi.

Wiki mbili baadaye kwaya ilikwenda Mwika. Kijana alinipigia kutoka huko saa moja asubuhi, kabla ya ibada.

"Shikamoo, kaka. Imeyumba tena, wau-wau."

"Marahaba. Umegonga skrubu zote?"

"Nimegonga. Ya tatu ndiyo imeshuka, nadhani ni mtikisiko wa barabara. Nimeipa robo, imekaa. Nilitaka tu ujue."

Ukingo pale kwenye skrubu ya tatu ni mwembamba kidogo kuliko kwingine tangu tulipoupiga msasa, kwa hiyo itaendelea kushuka baada ya safari ndefu. Kijana ameshaweka ufunguo wa dramu kwenye mkufu mmoja na funguo za nyumbani kwao, na kwenye mfuko wa vijiti vyake kuna kikopo cha mchele.